Neno "up" kwa anayepandisha wageni Kilimanjaro

Mwongozaji mpya anayeanza kazi Moshi huja na maneno mengi ya Kiingereza, na analoliamini kuliko yote ni "up". Shuleni alifundishwa kwa kunyoosha mkono: "up" juu, "down" chini. Kwa kuwa kazi yenyewe ni kupanda na kushuka, anaona hapo hana la kuongeza. Sisi tuliokaa na wageni mlimani muda mrefu, na ambao sasa tunawanoa vijana kabla ya usaili, tunaanzia neno hilo hilo. Kati ya geti la Machame na kilele cha Uhuru, mita 5,895, mgeni atalitamka asubuhi, mchana na usiku, na mara nyingi halitakuwa linaonyesha juu popote. Mara ametapika, mara anaomba asubiriwe, mara maji yamemwishia, mara anasema hawezi tena. Aliyesikia "juu" tu atakuwa amekosa habari yenyewe.

Kanuni ya kwanza ni kutolitafsiri likiwa peke yake. Kitenzi na "up" yake ni kitu kimoja. Kiswahili kikitaka maana nyingine huchezea kitenzi ndani kwa ndani: funga, fungua, fungia, fungisha. Kiingereza hukiacha kitenzi kama kilivyo, kikapachika kineno nyuma yake. Ndiyo maana "give" ni kutoa, lakini "give up" ni kukata tamaa. "Throw" ni kurusha, lakini "throw up" ni kutapika. Hata sisi tunalo neno la namna hiyo. Tukisema tupia mbali au potelea mbali, hakuna anayeuliza umbali ni kilomita ngapi. "Mbali" hapo imeacha kupima njia, inasema jambo limeisha moja kwa moja.

Na hiyo ndiyo kazi ambayo "up" huifanya mara nyingi kambini: kuonyesha kwamba kitu kimefika mwisho wake. "Eat up" ni kula chote kilichopo kwenye sahani. "Drink up" ni kunywa mpaka chupa iwe tupu. "Pack up" ni kufungasha kila kitu, pasibaki hata kijiti cha hema. "Use up" ni kutumia mpaka kuisha, kama betri za tochi ya kichwa. "Dry up" ni kukauka kabisa, kama kijito wakati wa kiangazi. "Time is up" ni muda umekwisha. Ukikutana na "up" usiyoijua, jaribu kwanza kuiwekea "kabisa", "chote" au "mpaka mwisho". Mara nyingi utakuwa umepata. Mgeni anapofika kambi ya Karanga na kusema "I drank up all my water", mwambie mpishi mapema, kwa sababu hapo ndipo maji ya mwisho yalipo kwenye njia ya Machame. Maji ya Barafu, kambi ya kulala kabla ya kilele, hubebwa na wagumu, yaani wapagazi, mgongoni na kichwani.

Sehemu ambayo tumeona watu wakielewa kinyume kabisa ni "up to". Ubao au barua inasema mzigo wa mpagazi ni "up to 20 kilos". Kijana anasikia "up", anasikia "20", anahitimisha kuwa ni zaidi ya 20. Maana yake ni kinyume: usizidi 20, mwisho ni hapo. Getini mizigo hupimwa, na kinachozidi hutolewa na kugawanywa upya, kwa hiyo kosa la maneno mawili linaweza kusimamisha kundi zima asubuhi ya kuanza safari. "Up to" ya namba ni "mpaka", si "juu ya". Juu ya 20 ni "over" au "more than".

Lakini "up to" ina watoto wengine, na hao ndio wenye kazi nzito usiku wa kilele. "It's up to you" ni uamuzi wako. Hapa Kiingereza na Kiswahili vimekutana kwa bahati, maana sisi pia tunasema ni juu yako. "What are you up to?" ni unafanya nini, na mgeni akikuuliza hivyo anasalimia tu, hakushuku. Sasa tenganisha hizi mbili: "I'm not up to it" na "I'm not up for it". Ya kwanza, yenye "to", inahusu uwezo: mwili wangu haufiki, sina nguvu. Ya pili, yenye "for", inahusu hamu: sitaki, sijisikii. Mgeni aliyeko Barafu, zaidi ya mita 4,600, akisema saa tano usiku kwamba "I'm not up for it", pengine kikombe cha chai ya moto na maneno mazuri yatamwinua. Akisema "I'm not up to it", kaa naye, mpime oksijeni, muulize kichwa, muulize tumbo, tazama anavyosimama. Wapo wageni wanaozichanganya wenyewe, hasa wasiozaliwa na Kiingereza, kwa hiyo usiishie kwenye kusikia. Uliza tena kwa neno la wazi: "You don't want to, or you can't?"

Maneno ya ugonjwa yanastahili nafasi kubwa kuliko mengine yote, na mwongozaji anayetaka kujifunza kumi tu aanze na haya. "Throw up" ni kutapika, na ndilo la kawaida zaidi. "Bring up" pia linaweza kuwa kutapika, ingawa kwa siku za kawaida ni kulea mtoto au kuleta hoja mezani. Ukisikia "I brought up my dinner" usidhani anataka kuzungumzia chakula. Mwingereza anaweza kusema "I've been sick", naye anamaanisha ametapika, wakati Mmarekani kwa maneno hayo hayo anamaanisha amekuwa mgonjwa tu. Halafu upande wa pili kuna "I can't keep anything down", yaani hakuna kinachokaa tumboni. Hilo linasikika kama habari njema kwa asiyelijua, kwa kuwa kuna "down" na kushuka ni tiba mlimani, kumbe ni habari mbaya: anapoteza maji, na hata vidonge vyake vinatoka.

"Cough up" ni kukohoa na kutoa kitu kifuani. Makohozi ya kawaida kwenye vumbi na hewa kavu hayatishi sana. Lakini mgeni akisema anatoa "pink" au "frothy", yaani makohozi yenye povu na wekundu, hayo ni mapafu yanayojaa maji. Hakuna mjadala hapo, hakuna kusubiri kupambazuke: oksijeni, na kushuka mara moja kwa miguu au kwa machela. "Mixed up" au "messed up in my head" ni kuchanganyikiwa. Mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino mbele ya vidole. Akiyumba, huenda ubongo wake unavimba, naye pia anashuka. Mtu wa aina hii mara nyingi ndiye anayesema kwa sauti kubwa "I'm fine, let's keep going up", na hiyo "up" ni ya juu kweli, ndiyo usiyopaswa kuitii.

Vipimo navyo vina mtego. "Your oxygen is up" ni habari njema. "Your heart rate is up" si njema hivyo. "Up" hapa inasema tu kwamba namba imepanda. Uzuri au ubaya unategemea kilichopanda. Ndiyo sababu tunawashauri vijana wasiseme "up" wanaposoma oksimita, kile kifaa cha kupima oksijeni. Taja namba, kisha sema "good" au "I will check again in one hour". "Up" ikiwa kitenzi chenyewe, kama "should I up my Diamox?", ile dawa ya ugonjwa wa mwinuko, ni kuongeza dozi. Jibu la mwongozaji ni kumkumbusha mgeni maelezo ya daktari wake. Kuongezea watu dawa si kazi yetu.

Kwenye Ukuta wa Barranco, karibu mita 250 za mwamba wa kushika kwa mikono, maneno lazima yawe mafupi. "Heads up!" ni tahadhari. Mtu akiona jiwe linaporomoka na kupiga kelele hiyo, asiyeijua huinua uso atazame, na uso ndio unaokutana na jiwe. Wafundishe wagumu na wageni pamoja, kabla ya kuanza kupanda ukuta, kwamba kelele ya jiwe ni "Rock!", na kwamba anayeisikia anajibana kwenye mwamba, kichwa chini. "Heads-up" tulivu, ile ya kusema "just a heads-up, tomorrow is a long day", ni taarifa ya mapema tu. "Back up" ni kurudi nyuma, na ukiwa na mgeni ukingoni usiitumie hata kidogo. Sema "Stop", kisha mwonyeshe kwa mkono pa kukanyaga. "Hold up" ni subiri kidogo. "How are you holding up?" ni unaendeleaje, unastahimili? Mgeni akikuuliza hivyo, anajali hali yako, mjibu.

Mwendo una yake. "Speed up" ni kuongeza kasi. "Slow up" ni kupunguza kasi, sawasawa kabisa na "slow down". Ndiyo, "up" na "down" kwa kitenzi hicho hazitofautiani, na mwongozaji aliyesikia "can we slow up a bit?" akadhani anaombwa aharakishe kwenda juu atamchosha mtu aliyekwisha kuchoka. "Keep up" ni kwenda sambamba na wenzako bila kuachwa; "catch up" ni kumfikia aliyetangulia. Ukimwambia mgeni "catch up" unamwambia akimbize watu, na huko juu kukimbiza watu ndiko kunakoanzisha kichwa kuuma. Mwambie "no need to catch up, we wait for you". Msaidizi anayetembea nyuma ya kundi lote, anaitwa anaye-"bring up the rear". "Let up" na "ease up" ni kupungua kwa mvua au upepo, na "clear up" ni mawingu kutawanyika. "Pick up" kwa upepo ni kuongezeka nguvu.

Neno "pick up" linaishi maisha marefu hata kabla mgeni hajauona mlima, kwa sababu ndilo la kumpokea uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Hapa mkazo wa sauti unafanya kazi kubwa. Kitenzi kinabeba mkazo kwenye kineno: "we will pick you UP". Jina linabeba mkazo mwanzoni: "what time is the PICK-up?" Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana gari letu tunaliita piKApu, na ulimi unataka kufanya hivyo hivyo kwa Kiingereza. Fanya zoezi la kupiga kofi kwenye silabi yenye uzito: wake UP, WAKE-up call; warm UP, WARM-up; back UP, BACKup. Dakika kumi kila jioni kwa juma moja zinatosha kuuzoesha mdomo.

Kosa jingine la sarufi linalosikika kila siku ni "I will pick up you". Jina kamili linaweza kukaa pande zote mbili: "pick up the bag" au "pick the bag up". Lakini "it", "him", "her", "them", "you" na "me" lazima viingie katikati: "pick it up", "wake me up", "fill them up". Namna ya kukumbuka ni hii: katika "nitakiokota", ile "ki" ipo ndani ya kitenzi. Basi na "it" iweke ndani. Kanuni hii haifanyi kazi pale "up" inapoonyesha njia ya kupandia kitu chenyewe. Husemi "climb it up" ukizungumzia ukuta. Unasema "climb up it". Hapo umepata kipimo kizuri. Chukua "look up". Ukisema "look it up", unatafuta habari kitabuni au kwenye simu. Ukisema "look up it", unainua macho kufuata ukuta. Pachika "it" usikilize inapokaa. Ikikaa kabla ya "up", kitenzi na "up" yake ni kitu kimoja, na mara nyingi hakuna haja ya kutafuta juu wala chini.

Saa nazo zinahitaji uangalifu. Mgeni wa Marekani akisema "can we move up the wake-up time?", anataka kuamshwa mapema zaidi, kwa mfano saa nne na nusu usiku badala ya saa tano. Sisi tukisikia kusogeza, tunafikiria kusogeza mbele, na kwetu kikao kilichosogezwa mbele kimeahirishwa. Maana zinapishana kabisa. Ukiongeza na tofauti ya saa za Kiswahili na za Kiingereza, unaweza kukuta kundi zima limevaa na viatu huku mpishi bado hajawasha jiko. Usijibu "OK". Rudia saa yenyewe: "So, wake up at ten thirty tonight?"

Mavazi ya usiku huo yana "up" nyingi, na karibu zote ni za kufunga. "Zip up" ni kufunga zipu mpaka kidevuni. "Do up your laces" ni kufunga kamba za viatu. Kabla ya kuteremka kutoka Stella, pale ukingoni mwa kreta chini ya kilele, zikazwe zaidi, kwa sababu zikilegea vidole hugonga mbele ya kiatu hatua kwa hatua na kucha huwa nyeusi. "Wrap up warm" kwa Mwingereza na "bundle up" kwa Mmarekani ni vaa ujikinge na baridi, ila "let's wrap up" peke yake ni tumalizie. "Freeze up" ni kuganda na kuziba: mrija wa mfuko wa maji huganda kwanza, kwa hiyo mwambie mgeni apulize maji yarudi kila anapomaliza kunywa, na chupa ya akiba iwekwe "upside down", mdomo ukiwa chini. Barafu huanza juu ya maji; ukiigeuza, barafu inakaa kwenye kitako na kifuniko kinafunguka. "My legs seized up" ni misuli imekaza, haimaanishi miguu imevunjika.

Kuna chache ambazo tunawaambia vijana wazielewe lakini wasizitamke. "Shut up" hata ukitaka kusema funga hema. Sema "close the tent". "Hurry up" ni amri ya kukera, na mlimani haina nafasi. "Pay up" humwambia mtu ni mdaiwa mkaidi. "Knock you up" kwa Waingereza wa zamani ni kukugongea mlango uamke, lakini kwa Wamarekani na kwa vijana wengi ni kumpa mwanamke mimba. Usimwambie dada wa watu kwamba utamfanyia hivyo saa kumi na moja alfajiri. "Hook up" nayo ina maana ya kulala na mtu. Mkipanga kuonana hotelini mjini baada ya safari, sema "meet".

"Wash up" haina matusi, ila inagawanyika. Asubuhi, kabla ya beseni la maji ya vuguvugu kufika mlangoni, Mmarekani akisema anataka "to wash up" anaulizia maji ya kunawa uso na mikono. Mwingereza akisema hivyo anajitolea kuosha vyombo.

Kwa wenzetu madereva wa Arusha wanaokwenda Tarangire na Ngorongoro, orodha ni fupi lakini ina haraka. "Pull up here" ni simamisha gari hapa. "Back up a little" ni rudi nyuma kidogo, labda kuna chui amepitwa. "Pop up the roof" ni inua paa. "Fill up" ni jaza tangi. Na mgeni akisema amekuja "up from Dar", kumbuka kwamba kwa wengi wao "up" ni kaskazini kwa sababu ya ramani, hata barabara ingekuwa tambarare.

Siku ya mwisho pale Mweka, kwenye geti la kutokea, kwenye hesabu ya bahashishi, "split up" ni kugawanya kati ya watu, "round up" ni kupandisha namba, mfano 47 iwe 50, na "it doesn't add up" ni hesabu haikubaliani. Ukisikia hilo la mwisho usikasirike. Weka karatasi mezani, mhesabu pamoja, kila jina na kiasi chake. Mgeni akikwambia "thank you for putting up with us", haulizi habari za kusimamisha mahema, ingawa "put up a tent" ni hiyo. Anashukuru mmewavumilia. Mjibu kwa moyo: "It was a pleasure."

Ujifunzaji wenyewe usiufanye kwa kukariri orodha. Chukua daftari dogo linaloingia mfukoni. Ukisikia "up" usiyoielewa, andika sentensi nzima, si maneno mawili, pamoja na mahali na kilichokuwa kinafanyika: mezani, njiani, kwenye hema la mgonjwa. Hapo hapo muulize mgeni kwa neno lisilo na "up": "Finished?" "Wait?" "Vomit?" Wageni hawachukizwi na swali hilo, wengi hufurahi. Jioni mwenzako akusomee sentensi bila kukuonyesha daftari, nawe utaje maana kwa Kiswahili, kisha useme sentensi yako mpya yenye "it" au "them" ndani. Tano kwa siku zinatosha. Za ugonjwa zirudieni kila safari, hata na aliyekwisha kuzijua, na mpishi na weita wawepo, kwa sababu mara nyingi wao ndio wa kwanza kufika kwenye hema asubuhi na kuambiwa jinsi mgeni alivyolala.